Siku tatu za Hamed bin Muhammed: kabla hujaweka saini kwenda kazi ng'ambo



Juzi baada ya swala ya Ishaa kijana mmoja alinisubiri barazani kwetu hapa Mwamgongo. Ni mwanafunzi wangu wa madrasa, nilimfundisha alifu na be akiwa bado anakuja na kanzu ya kaka yake inayoburura chini. Baba yake ametangulia mbele ya haki. Mama yake anaanika dagaa mchangani kama akina mama wengine wa hapa. Akanipa shikamoo, akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ni mkataba wa kazi ya ulinzi katika nchi mojawapo ya Ghuba, miaka miwili, umepigwa mihuri na picha yake imebandikwa. Ya pili ni nusu ukurasa tu, inasema wakala amemlipia nauli, viza na vipimo vya afya, na kwamba gharama hizo zitakatwa kwenye mshahara wake mpaka ziishe. Kiasi hakikuandikwa.

Akaniambia, "Sheikh, wamenipa mpaka Jumatatu. Nikubali?"

Nikamwambia, "Mwanangu, niachie siku mbili."

Siku hizo mbili sikuziomba kwa ajili ya heshima. Niliziomba kwa sababu kuna jambo linaniuma. Miaka kama kumi iliyopita kijana mwingine wa kijiji hiki aliniuliza swali hilohilo, tena njiani, tukitoka kuzika. Nikamjibu kwa pumzi moja: ardhi ya Allah ni pana, nenda utafute rizki. Aliambiwa ni kazi ya dukani. Alipofika akapelekwa jangwani kuchunga mifugo, pasi yake ya kusafiria ikawekwa na kafili, na kwa miezi mingi hakuisikia adhana ya Ijumaa. Amerudi salama alhamdulillah, wala hanilaumu. Lakini kila nikimwona ufukweni anashona nyavu nakumbuka kwamba sikumwomba hata niione karatasi yake.

Basi safari hii nimeona nisijibu kwa pumzi moja. Tena swali hili si la huyu mmoja. Tangu mwaka 2024 Serikali ilipofunga uvuvi ziwani kuanzia Mei hadi Agosti ili samaki wazaliane, vijana wengi wa mwambao huu wamekaa wakihesabu njia nyingine za kuishi. Sipingi kufungwa kwa ziwa, samaki nao ni amana. Nasema tu kwamba kijana akikaa miezi mitatu bila kuwasha taa yake usiku, mtu yeyote mwenye bahasha atamsikiliza.

Nataka niwasimulie habari ya mtu aliyeletewa kazi ya ng'ambo akapewa muda mfupi wa kujibu. Wengi mnamjua kwa jina la Tippu Tip. Jina lake ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mzaliwa wa Unguja. Akiwa mzee aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha. Kwa hiyo jambo hili halitoki kwa wageni peke yao, mwenyewe naye amesema.

Kabla sijaendelea niseme wazi, maana najua kuna watakaokuja kuandika chini hapa "mashaallah shujaa wetu". Tippu Tip alikuwa mfanyabiashara wa pembe za ndovu, na pembe zile zilibebwa na watu, na wengi wa watu wale walikuwa watumwa waliotekwa katika vijiji vilivyochomwa moto. Huku kwetu tuna Waha, Wabembe, Warundi, na tuna wale ambao bibi yao alivuka ziwa hili kutoka Manyema, na si kila bibi alivuka kwa hiari yake. Simweki mbele yenu kama mfano wa wema. Namweka kama mtu mwenye akili nyingi sana ya biashara, aliyewahi kutia saini mkataba wa ajira, ili tuone mkataba ulimfanya nini mtu mwenye akili kama ile.

Mwaka 1886 Tippu Tip alikuwa mtu mkubwa kuliko wote katika nchi za magharibi ya ziwa letu. Makao yake yalikuwa Kasongo, Manyema. Mwenzake Muhammed bin Khalfan el-Barwani, huyu anayeitwa Rumaliza, alikuwa hapa Ujiji tangu walipofika pamoja mwaka 1881. Misafara yao ilivuka ziwa, ikapita Ujiji, ikapita Tabora, ikashuka mpaka pwani. Mtu akitazama kwa juu angesema huyu hana haja ya kuajiriwa na mtu.

Lakini dunia ilikuwa imebadilika nyuma yake. Kwenye mkutano wa Berlin, uliomalizika Februari 1885, mataifa ya Ulaya yalikaa mezani kupanga mambo ya Afrika, na mwaka huohuo nchi yote ya mto Kongo ikahesabiwa ni mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, mtu ambaye hajawahi kukanyaga huko. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakagawana bara letu, na Sultani wa Unguja akaachiwa visiwa na ukanda wa pwani wa maili kumi tu. Mwaka huohuo, mwezi wa Agosti, watu wa Tippu Tip kule Stanley Falls, mahali panapoitwa Kisangani leo, waligombana na ofisa wa Leopold, kwa sababu ya mwanamke mtumwa aliyekimbilia kwa ofisa yule. Kituo kikaangushwa, kikaungua. Tippu Tip mwenyewe hakuwepo, alikuwa njiani kwenda Unguja.

Akafika Unguja, akaenda kwa Sayyid Barghash. Anasimulia katika kitabu chake kwamba Sayyid alimwambia kwa uwazi kuwa hana tena tamaa ya bara, kwamba Wazungu wanautaka hata mji wake alipokaa. Ndugu zangu, hebu pimeni neno hilo. Huyu ni mtu aliyepandisha bendera ya Sayyid kila alipokwenda. Anarudi nyumbani, na mwenye bendera anamwambia sina uwezo wa kukusaidia.

Hapo ndipo alipoingia Henry Stanley. Alifika Unguja tarehe 22 Februari 1887. Mkataba ulitiwa saini tarehe 24, katika ubalozi wa Uingereza. Tarehe 25 meli ikang'oa nanga. Siku tatu! Huyu wangu kapewa mpaka Jumatatu, nikahesabu nikaona si tofauti sana.

Kazi yenyewe ilikuwa hii: awe wali wa Stanley Falls kwa niaba ya Dola ya Kongo ya Leopold. Mshahara paundi 30 kwa mwezi. Apandishe bendera ya Dola hiyo. Azuie utekaji wa watumwa katika eneo lake. Biashara yake mwenyewe ya halali aendelee nayo. Na akae na ofisa wa Kizungu ambaye atakuwa katibu wake, ambaye mawasiliano yake yote na wakubwa wa Dola yatapitia kwake.

Paundi 30, kwa mtu yule, zilikuwa fedha ndogo. Msafara wake mmoja wa pembe ulikuwa na thamani isiyolingana na mshahara wa miaka. Hakwenda kwa ajili ya mshahara. Alitaka shauri kwa Sayyid, na Sayyid akamwelekeza akubali. Nadhani walifanya hesabu moja: kama nchi imeshachukuliwa kwenye karatasi, afadhali jina la wali kwenye karatasi hiyo liwe la mtu wetu. Si hesabu ya kijinga. Mimi nikijiweka mahali pake, nimegeuka nyuma naona mlango umefungwa, huenda ningetia saini vilevile. Watu wanaomwita msaliti, na walikuwepo Waarabu wenzake wa bara waliomwona kajiuza kwa Wazungu, hawakuwa wamesimama mbele ya Barghash siku ile.

Lakini kulikuwa na karatasi ya pili.

Stanley hakuja Unguja kwa ajili ya Stanley Falls. Alikuja kwa msafara wa kumwokoa Emin Pasha, daktari wa Kijerumani aliyekuwa gavana wa jimbo la kusini kabisa mwa Sudan, aliyekatwa njia na vita vya Mahdi. Stanley alihitaji wabeba mizigo, wa kupeleka risasi huko na wa kurudi na pembe za ndovu ambazo Emin alisemwa kuwa nazo nyingi. Basi pamoja na ule mkataba wa uwali, Tippu Tip akaahidi kutoa wabebaji 600, kwa malipo ya kila kichwa. Ukizisoma zote mbili, hii ya pili inaonekana ni jambo dogo, kibarua cha pembeni. Wabebaji kwake walikuwa kitu gani? Alikuwa na watu maelfu.

Wakasafiri kwa meli ya Madura, wakazunguka kusini yote ya Afrika wakapitia Cape Town, wakaingia mdomo wa mto Kongo mwezi wa Machi. Tippu Tip na watu wake karibu mia moja, na Wangwana zaidi ya 600 walioandikishwa na Stanley Unguja. Mwezi wa Juni wali mpya akafika kazini.

Na hapo mambo yakaanza kumwendea kombo. Stanley akaingia msituni na sehemu moja ya msafara, akaacha nyingine Yambuya chini ya Meja Barttelot ikisubiri wale wabebaji 600. Miezi ikapita. Wazungu wakidai wabebaji hawaletwi, Tippu Tip akidai baruti aliyoahidiwa haikutolewa, na watu wake hawako tayari kwenda katika msitu wasioujua bila baruti. Kila upande ulikuwa na maneno yake, na wanahistoria wanabishana mpaka leo. Walioumia katikati ni wale Wangwana wa Unguja pale Yambuya. Waliugua, walikaa na njaa, na walikula muhogo mchungu bila kuuandaa vizuri. Sisi watu wa ugali wa muhogo tunajua maana yake: huo hulowekwa siku kadhaa mpaka ukalainika, ukaanikwa, ndipo ukatwangwa. Watu wa pwani walipewa mashamba ya muhogo wasio na ujuzi nao, na wakafa nao mkononi.

Kufikia Juni 1888 ndipo wakapatikana wabebaji kiasi cha 400. Mwezi uliofuata Barttelot akapigwa risasi na Mmanyema mmoja, Sanga, katika ugomvi uliotokana na mke wa Sanga kupiga ngoma alfajiri. Sanga akashitakiwa Stanley Falls, mbele ya wali, akauawa kwa hukumu. Fikirini hapo wali yuko wapi. Mtu wa upande wake kamwua bwana wa upande unaomlipa, na muhuri ni wake.

Msafara ulipomalizika mwaka 1889 na Wangwana wakarudi Unguja, waliorudi hawakufika nusu ya wale 600 na ushei. Nao walikuwa na mikataba. Majina yao hayamo katika vitabu, isipokuwa machache.

Stanley aliporudi pwani akamfungulia Tippu Tip kesi Unguja, akidai paundi 10,000 kwa kuvunja mkataba. Mkataba upi? Si wa uwali. Ule wa wabebaji, ile karatasi ndogo. Fedha za Tippu Tip zilizokuwa mikononi mwa wakala wake Unguja zikazuiwa. Mwaka 1890 ikambidi aondoke Stanley Falls kwenda kujibu. Wako wanaosema alikuwa na sababu nyingine pia, umri ulikuwa unakwenda na aliona hali inaharibika, nami sikatai. Akavuka ziwa, akaugua njiani, akafika Unguja mwaka 1891. Kesi yenyewe ikafutika. Lakini yeye hakurudi Kongo tena.

Alimwachia mpwa wake Rashid kazi ya Stanley Falls, na mwanawe Sefu alikuwa Kasongo. Mwaka 1892 vita vikazuka baina ya Waarabu wa Manyema na Dola ya Kongo, ile ile Dola ambayo baba alikuwa wali wake. Nyangwe ikaanguka Machi 1893, Kasongo ikaanguka Aprili, na kabla mwaka haujaisha Sefu akauawa vitani. Rumaliza akapigana mpaka Januari 1894, akashindwa, akakimbilia upande wetu wa ziwa uliokuwa wa Wajerumani. Watu wa Manyema walioingia Ujiji miaka ile walikimbia vita hivyo. Na waliobaki kule chini ya Leopold, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye hesabu yao. Habari za mikono iliyokatwa kwa ajili ya mpira zilikuja kutikisa dunia, mpaka mwaka 1908 nchi ikatolewa mkononi mwa mfalme yule.

Tippu Tip alimaliza umri wake Unguja, ana mashamba, ana nyumba Shangani ambayo ipo mpaka leo, akafariki Juni 1905. Nasema hivi msije mkadhani alikufa maskini. Alipoteza mtoto, na alipoteza kila alichokwenda kukilinda.

Sasa nirudi kwa kijana wangu.

Wapo watakaosema, sheikh, mbona unamtisha, hata Mitume walifanya kazi ugenini. Naam, na ndiyo maana nawapenda mtazame walifanyaje. Musa alayhis salaam alifika Madyan akiwa mkimbizi, hana kitu, anakaa kivulini. Angeweza kukubali lolote. Lakini mapatano yake na yule mzee, kama yalivyo katika Suratul Qasas, yana muda: miaka minane, na akipenda kutimiza kumi ni hiari yake. Yana malipo yanayojulikana. Yana ahadi ya mwajiri kwamba hatamtia katika mashaka. Muda ulipotimia Musa akachukua familia yake akaondoka, na hakuna aliyemshika. Na Yusuf alayhis salaam alifanya kazi kwa mfalme asiyekuwa wa dini yake, kazi ya hazina ya Misri, tena aliiomba mwenyewe kwa kuwa aliijua. Ila alipoitwa kutoka gerezani hakutoka mbio. Alitaka kwanza jambo lake lichunguzwe, jina lake lisafike. Mtu yuko jela, mfalme anamwita, naye anasema subirini! Jumatatu ya wakala ni nini mbele ya hapo?

Kwa hiyo sina tatizo na safari, wala na kazi ya ulinzi, ni kazi ya halali. Tatizo langu ni ile nusu ukurasa. Mafakihi wetu katika mlango wa ijara wamesema kazi ijulikane, muda ujulikane, na ujira ujulikane. Mkataba wake wa kwanza unasema mshahara ni kiasi fulani. Karatasi ya pili inasema kitakatwa kiasi kisichotajwa, kwa muda usiotajwa. Basi kwa hakika mshahara wake haujulikani. Ile ya pili imeila ile ya kwanza, na yeye ameonyeshwa ile yenye picha na mihuri ili macho yabaki huko.

Jana nikamwita, nikamwambia haya kama nilivyowaandikia ninyi, ila kwa kifupi. Akanyamaza sana. Kisha akaniambia, "Sheikh, Tippu Tip alikuwa na mashamba ya kurudia. Mimi nikikataa narudi kwenye nini?" Sikuwa na jibu la haraka, na sitajifanya kwenu kwamba nilikuwa nalo. Ni swali la haki. Mlango wa nyuma yake nao umefungwa, au umeegeshwa. Ndiyo maana sikumwambia usiende. Nilimwambia aswali istikhara, na istikhara haifanyi kazi peke yake, inakwenda na kuuliza watu wenye ujuzi.

Jumapili alfajiri tutapanda boti kwenda Kibirizi, yeye, mjomba wake na mimi. Kigoma mjini nimepata mtu anayesoma mikataba vizuri. Tutauliza kama wakala huyo amesajiliwa serikalini kupeleka watu nje, na tutataka ile karatasi ya pili iandikwe upya: deni ni kiasi gani, linakatwa kiasi gani kwa mwezi, linaisha mwezi gani, na pasi inakaa kwa nani. Wakikubali kuandika, atakwenda na dua zetu. Wakisema hakuna muda wa kuandika, nitamwambia maoni yangu, na uamuzi utabaki wake maana ni mtu mzima.

Mama yake nilikwenda kumwona pale kwenye vichanja vya dagaa. Hakuuliza mshahara ni shilingi ngapi. Aliuliza, "Sheikh, akirudi kabla ya miaka miwili, au wakinirudishia maiti, deni hilo watakuja kunidai mimi?" Nikaitoa ile nusu ukurasa mfukoni, nikaisoma tena kuanzia juu hadi chini nimesimama pale juani. Haikusema. Nimeliandika swali lake kwa kalamu pembeni ya karatasi, nalo ndilo la kwanza tutakalouliza Jumapili.

Wabillahi tawfiq. Tuombeeni ziwa litulie asubuhi hiyo.